Sufuria Moja: Mnakasha wa Tambi na Kofta Katika Mji wa Kisumu

Hoja tuliyoiweka mbele ya wasemaji wetu ni hii: kwamba mtu aliyejitwika kazi ya kuilisha aila yake jioni, naye amechoka na ana moto mmoja tu, hana lawama akipika tambi na kofta ndani ya sufuria moja, vikachemka pamoja na mchuzi wake, vikapakuliwa vikaliwa, pasiwe na ugali kando wala bakuli la pili la kitoweo. Mtu wa mbali huenda akaliona jambo hili dogo lisilostahili wino. Lakini aliyekaa Kisumu ajua kwamba katika mji huu, uliozoea ugali upakuliwe peke yake na samaki peke yake na mboga peke yake, kuvichanganya vyote katika chombo kimoja ni kuigusa heshima ya mlo, na penye heshima hapakosi maneno.

Wasemaji ni wanne, na sikuwapa majina kwa kuwa kila mmoja amebebeshwa maneno ya watu wengi, niliyoyaokota katika majiko, vibanda na baraza za mji huu. Yuko Mama wa Nyalenda, auzaye nguo za mitumba katika soko la Kibuye na kurudi kwake jua likizama. Yuko Mzee wa Dunga, mvuvi aliyeziacha nyavu lakini hakuuacha ulimi. Yuko Bibi wa Kaloleni, mtaa ambao Waislamu wa mji wameukalia miaka mingi, na ambao harufu ya iliki haijapata kuuhama. Na yuko Mwalimu wa sayansi kimu, ambaye desturi yake ni kunyamaza mpaka wenzake wachoke. Mimi nitaingilia kati panaponibidi, na penginepo pasiponibidi.

MAMA WA NYALENDA: Nawaamkua kwa heshima, wazee wangu. Mimi sikuja hapa kuwatetea Waitalia. Nimekuja kuyatetea makaa. Nyumba yangu ni chumba kimoja, na jiko langu ni moja, lile la bati lililopigwa udongo ndani, na makaa nayanunua kwa mkebe, ya leo kwa leo. Nikipika ugali, na samaki, na sukuma wiki, basi sufuria moja huingoja nyingine ishuke, na watoto nao wanasinzia juu ya vitabu vyao, hata chakula kikiiva saa tatu za usiku inanibidi kuwatikisa ndipo waamke wale. Tangu Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, makaa yalipanda bei yakasahau njia ya kushuka. Nao wenye mitungi ya gesi wasinicheke, kwa maana waliona wenyewe jinsi kodi ya asilimia 16 ilivyorudishwa juu ya gesi ya kupikia Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, wala isiondolewe mpaka 2023. Basi nimetafuta mlo wa moto mmoja, na nimeupata.

Nanunua nusu kilo ya nyama ya kusaga, na namsimamia mwenye bucha aisage mbele ya macho yangu. Naitia kitunguu kilichokatwa vidogo sana, kitunguu saumu, dania, chumvi, pilipili manga na bizari nyembamba kidogo, kisha vipande viwili vya mkate wa jana vilivyoloweshwa katika maziwa na kukamuliwa, na yai moja. Nakanda kwa mkono mwepesi, maana nyama ikikandwa mno hukakamaa, halafu nafinyanga kofta za kadiri ya ndimu, nazo hutoka 18. Natia mafuta kidogo katika sufuria, nazigeuzageuza mpaka zipate wekundu pande zote, nazitoa nazifunika kwenye sahani. Katika mafuta yale yale nakaanga kitunguu, na nyanya sita zilizoiva, huku nakwangua kwa mwiko yale yaliyogandia chini, kwa kuwa ladha yote imejificha hapo. Nyanya zikishalainika natia maji lita moja, na kikombe kingine cha maji moto nakiweka akiba. Yakitokota namimina pakiti moja ya makaroni, gramu 400, nazipanga kofta juu yake, nafunika. Kila baada ya dakika mbili napitisha mwiko chini. Ikipita robo saa nateremsha, naiacha imefunikwa dakika tano, na mchuzi huwa mzito wenyewe. Watu sita wameshiba, na sufuria ya kuosha ni moja.

Hapa naomba ruhusa niseme mawili kabla Mzee hajajibu, kwa sababu mapishi ya Mama yana elimu ndani yake ambayo yeye hakuona haja ya kuitaja. La kwanza ni habari ya mchuzi kuwa mzito wenyewe. Tambi zinapochemka huachia wanga wake majini, na wapishi wengi huyamwaga maji yale, yakaenda mtaroni pamoja na kile ambacho kingaliufunga mchuzi wao; katika sufuria moja hakimwagwi kitu, na wanga ule ndio unaoyashikamanisha mafuta ya nyama na maji ya nyanya hata yakawa rojo moja. Kwa ajili hiyo maji sharti yawe haba, na kwa ajili hiyo hiyo mwiko sharti upite chini mara kwa mara, hususa katika sufuria zetu nyembamba za alumini ambazo juu ya makaa huunguza katikati ilhali pembeni hapajapata moto. La pili ni kwamba Kisumu, ijapokuwa i pwani ya maji, si pwani ya bahari: mji umekaa kiasi cha mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka karibu na nyuzi 96 badala ya 100. Dakika zilizoandikwa ubavuni mwa pakiti huhesabiwa kwa maji ya nyuzi 100, basi mpishi wa hapa aongeze mbili au tatu, asije akamlaumu mwenye duka kwa tambi zenye kiini kigumu.

MZEE WA DUNGA: Nyara, binti yangu, umesema vizuri, na kama mlo ungalikuwa ni hesabu ya makaa tu ningalikwenda zangu. Lakini hebu nikuulize. Ziwa liko miguuni pako, nalo limekulisha wewe na mama yako na mama wa mama yako. Iweje basi jioni uwalishe wajukuu zangu ngano iliyovuka bahari mbili? Ngano tulayo katika nchi hii sehemu kubwa hutoka ng'ambo, na nyingi ilikuwa ikitoka Urusi na Ukraini, na mwaka 2022 mataifa yale mawili yalipopigana tuliona sote unga wa chapati na mkate ulivyopanda hapa Kisumu, mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja aliyerusha risasi. Na wanaotuletea tambi ndio hao hao wanaochukua minofu ya samaki aitwaye mbuta kutoka viwandani mwetu, ikapandishwa ndege hadi Ulaya, sisi tukaachiwa mgongo wazi tuukaange katika mafuta pale mtaani Obunga. Wao wale mnofu, sisi tule mifupa na tambi zao! Fauka ya hayo, kuna adabu ya mlo. Ugali huwekwa hapa, samaki huwekwa pale, mtu akamega, akachovya, akachagua. Mgeni akija humwona samaki mzima, mwenye kichwa na mkia, akajua kwamba amekirimiwa. Chakula chako hakina kichwa wala mkia. Kimefichwa chote katika rojo, na mimi chakula kilichojificha hukitilia shaka.

Maneno ya Mzee yana uzito, na katika habari ya bei ya ngano sina la kumpinga. Lakini alipomtaja mbuta kwa uchungu wa mtu aliyenyang'anywa urithi, niliona haya kidogo kwa niaba ya tarehe. Mbuta si mwenyeji wa ziwa hili. Alitiwa humo na watu katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, naye alipostawi, kufikia miaka ya 1980, alikuwa amekwisha kuwala wale fulu wadogo wa rangi nyingi ambao babu zake Mzee waliwajua, aina kwa mamia, wengine wasionekane tena. Mahindi ya ugali wake nayo asili yake ni bara la Amerika. Kabla yake ugali wa pwani hii ulikuwa wa mtama na wimbi. Simsemi kwa kumdharau. Nataka tu ieleweke kwamba tukianza kuulizana nani alitangulia kuingia sufuriani, wengi tuwapendao watatolewa nje.

BIBI WA KALOLENI: Afadhali umelisema hilo, kwa maana mimi nimekaa hapa nawasikiliza mkisema tambi za Waitalia, tambi za Ulaya, mpaka nikadhani labda mama yangu alikuwa Mtaliana na hakuniambia. Sisi tambi tumezipika tangu tupate akili. Unazikaanga kwa samli mpaka ziwe nyekundu, unatia sukari na iliki na zabibu, ukipenda na tui la nazi likitufikia kutoka Mombasa, na asubuhi ya Idi hakuna nyumba ya maana isiyokuwa na sahani yake. Na kababu za nyama ya kusaga, au kofta kama mwitavyo, tumezipokea kwa Wahindi na Waarabu zamani, na kila magharibi ya Ramadhani zinakaangwa. Kwa hiyo, Mzee mwenzangu, tambi na kofta si ngeni. Ama habari ya sufuria moja, pilau ni nini? Nyama imo, mchele umo, viazi vimo, bizari imo, na hakuna harusi iliyowahi kuaibika kwa sababu pilau ilitoka katika sufuria moja. Ila wewe Mama, mwanangu, nina neno nawe. Tambi mahali pake ni penye sukari, na kababu mahali pake ni penye ndimu na pilipili, kavu. Kuzichemsha kababu majini hata zikalainika! Hilo kwangu ni kuzitesa.

Bibi hakusoma kwa al-Idrisi, lakini al-Idrisi angalimuunga mkono. Mwanachuoni huyu, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1154 kwa ajili ya mfalme wa Sisilia, aliandika juu ya mji wa Trabia, karibu na Palermo, ambako watu walitengeneza itriya, yaani nyuzi za unga zilizokaushwa, zikapakiwa majahazini kupelekwa kwa Waislamu na kwa Wakristo. Na katika kitabu hicho hicho aliitaja Malindi na Mombasa. Kalamu moja iligusa tambi na pwani yetu kabla ya Kisumu kuwa na reli kwa zaidi ya miaka 700, kwa maana reli ilifika hapa mwishoni mwa mwaka 1901, bandari ikiitwa Port Florence. Na wako Waswahili wa Barawa na ndugu zao Wasomali, waliotawaliwa na Waitalia, ambao makaroni na spageti kwao ni mlo wa mchana wa kila siku, na ndizi mbivu pembeni. Wakisikia sisi tunabishana kama tambi ni chakula cha Mwafrika, watadhani tuna mzaha.

MWALIMU: Nimewasubiri wazee wangu mmalize, na nina habari itakayomfurahisha Mzee. Huko Italia kwenyewe, aghalabu tambi huliwa kwanza na nyama huja baadaye katika sahani yake. Ziko sehemu, kama Teramo huko Abruzzo, wanakotia vikofta vidogo sana katika tambi zao, lakini hiyo si desturi ya nchi nzima. Aliyezipandisha kofta kubwa juu ya kilima cha spageti ni Mwitalia aliyehamia Marekani, katika ile miaka ya kuanzia 1880 hadi 1920 walipohama kwa mamilioni. Alikuwa maskini kwao, nyama alikuwa akiionja siku za sikukuu, akafika New York akaikuta inanunulika, naye akaitia kwa furaha. Na huu upishi wa kuzitia tambi mbichi pamoja na viungo vyote katika chombo kimoja ulienea duniani baada ya gazeti la Mmarekani Martha Stewart kuuchapisha mwaka 2013. Kwa hiyo huu si mlo wa Waitalia bali ni mlo wa wahamiaji, na Kisumu ni mji wa wahamiaji.

MZEE WA DUNGA: Mmesikia? Hata wenyewe wanatenganisha!

MWALIMU: Wanatenganisha, Mzee, kwa kuwa wana meko manne. Lakini sikuja kumpa Mama ushindi wa bure. Sufuria yake ina wanga, ina nyama, ina mafuta, haina majani. Sukuma wiki na mchicha vinaingia, ukivikata vyembamba na kuvitia dakika tatu za mwisho. Kunde changa vilevile. Lakini mboga zetu za heshima hazikubali. Osuga, yaani mnavu, ni chungu. Sharti ichemshwe, maji yake yamwagwe, kisha itiwe maziwa ilale nayo, na pengine ipashwe moto siku ya pili ndipo iwe tamu. Apoth, yaani mrenda, huvutika, ukiitia katika tambi utapata kitu ambacho mtoto hatakigusa. Basi anayepika sufuria moja kila jioni ataanza kuzisahau mboga hizi, si kwa kuzichukia, bali kwa sababu sufuria yake haina nafasi ya subira yao. Hapo ndipo nina hofu.

Hofu hii ya Mwalimu naiona ni kubwa kuliko malalamiko yote ya Mzee kuhusu ngano, na Mama naye, kwa insafu, hakuijibu kwa haraka. Alisema kwamba osuga huipika Jumapili, siku ambayo hendi Kibuye, na kwamba hakuna mtu aliyesema sufuria moja ni sheria ya siku saba. Kisha akaligeuza jambo upande ambao hakuna aliyeutazamia.

MAMA WA NYALENDA: Mzee amesema chakula changu hakina kichwa wala mkia, na mimi nasema hiyo ndiyo raha yake. Kofta ni 18 na sisi ni sita, kila mtu tatu. Mtoto wa mwisho tatu, baba yao tatu, na mimi niliyezifinyanga, tatu. Kuku akichinjwa, nani asiyejua mambo yake? Kwa jirani zetu Waluhya firigisi ni ya baba, na kwetu, Jaduong', mzee wangu, wewe wakumbuka vizuri kuliko mimi, mwanamke alikatazwa kuku mzima pamoja na mayai yake. Alimfuga, akamchinjisha, akamnyonyoa, akampika, akameza mate. Leo twala, lakini vipande bado vina vyeo vyao, na paja bado lajua njia ya kwenda kwa nani. Kofta haina firigisi. Niambieni ni kofta ipi ya baba na ipi ya msichana wa kazi.

Baraza ilinyamaza, na kunyamaza kwa Mzee wa Dunga si jambo la kawaida. Katika mnakasha mzima naliona hili kuwa ndilo neno lililofika kiini: wengi wanaoupinga mlo wa sufuria moja hudhani wanaitetea asili, ilhali kinachowauma ni kupotea kwa daraja, kwa sababu mlo uliopakuliwa mbalimbali humpa kila mtu kipande cha cheo chake, na mlo uliochanganywa humnyima mkubwa ishara ya ukubwa. Sisemi kwamba ishara hizo zote ni dhuluma. Mzee kupewa kipande laini kwa sababu meno yamekwisha ni rehema, na mgeni kuonyeshwa samaki mzima ni ukarimu wa kweli ambao tambi haziwezi kuuiga. Lakini katika chumba kimoja cha Nyalenda, saa mbili za usiku, penye watoto wanne wenye njaa sawasawa, hesabu ya tatu tatu imeizidi firigisi kwa haki.

MZEE WA DUNGA: Haya, nyara, katika hilo umenipata, na sitajitetea kwa yaliyofanywa na baba zetu. Lakini kama ni kofta, kwa nini ziwe za ng'ombe? Mbuta ana mnofu mnene wenye mafuta. Umuondoe ngozi, umsage, utie dania na pilipili mbichi na mkate wako huo uliolowa, hatashindwa kushikamana. Hapo angalau ziwa litakuwa limeingia sufuriani.

MAMA WA NYALENDA: Mnofu wa mbuta, Jaduong', nashindana na kiwanda kuununua.

MZEE WA DUNGA: Basi nunua mgongo wazi, ule mbichi kabla haujakaangwa, uukwangue kwa kijiko. Kuna nyama nyingi hapo mbavuni kuliko watu wanavyodhani. Wenye visu vya kiwandani wana haraka.

BIBI WA KALOLENI: Na miiba?

MZEE WA DUNGA: Miiba ya mbuta ni mikubwa, Bibi, huonekana. Upitishe vidole mara mbili. Na zisichemshwe robo saa, zitavunjika; zitiwe tambi zikikaribia kuiva, dakika sita au saba zatosha.

BIBI WA KALOLENI: Mimi sitazichemsha kabisa. Nitazikaanga kavu nizile kwa ndimu, nanyi muendelee na rojo lenu. Na asubuhi yake mtafanyaje? Ugali uliolala huliwa na chai, pilau iliyolala ni tamu kuliko ya jana, lakini tambi zikilala hunywa mchuzi wote zikawa donge.

MWALIMU: Zitiwe maji kidogo na zipashwe kwa moto mdogo, Bibi, zitaachana. Hazitakuwa kama jana, hilo nakubali.

MAMA WA NYALENDA: Kwangu hakuna kinachobaki mpaka asubuhi, kwa hiyo swali hilo la Bibi ni la matajiri. Jumamosi hii nitazipika za mbuta kama alivyoelekeza Mzee, na nyote mmealikwa.

MZEE WA DUNGA: Nitakuja. Ila uniwekee ugali kidogo kando.

MAMA WA NYALENDA: Ugali utakuwepo, Jaduong', lakini uje na jiko lako, na mwiko uushike mwenyewe, maana langu litakuwa na kazi.